Barua kwa shosti: mahindi, siagi na akodiani saa sita na nusu mchana

Shosti,

Hujambo mwaya, za Keko, watoto wanaendeleaje, na mama mguu wake umepoa? Mi huku Minnesota, Marekani, mzima alhamdulillah, nimechoka tu maana wiki nzima nimepangiwa shifti za usiku, ila leo sitaki kukulilia kazi. Nimekaa hapa jikoni na chai yangu nataka nikupe habari za State Fair, maana nikirekodi voice note huyu mtoto wa jirani anapiga kelele husikii kitu na mambo yenyewe ni mengi, bora niandike uwe unasoma taratibu ukiwa kwenye daladala.

Sasa State Fair ndo nini. Unaikumbuka Sabasaba pale Kilwa Road, tunaingia na viatu vyeupe tunatoka na viatu vya udongo? Chukua hiyo Sabasaba, ichanganye na Nane Nane pamoja na ng'ombe wake na matrekta yake, halafu mwagia mafuta ya kukaangia juu. Basi umepata. Wanafanyia sehemu inaitwa Falcon Heights, katikati ya Minneapolis na Saint Paul, siku 12 kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba ambayo huku ni sikukuu ya wafanyakazi. Walianza 1859, yaani hii kitu imemzidi umri hadi mkoloni wa Kijerumani kule kwetu. Mwaka 2019 waliingia watu zaidi ya milioni mbili, na jimbo zima halifiki hata watu milioni sita. Mwanzoni nilikuwa nawashangaa hawa watu, yaani joto kali, foleni, jasho, na wamefurahi utafikiri wamegawiwa viwanja, ila ukishakaa hapa Januari moja tu ukaona baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, pua inaganda unatoka tu mlangoni, unawaelewa. Jua lenyewe la miezi mitatu, wakilipata wanalitumia mpaka tone la mwisho.

Aliyenipeleka ni bibi mmoja ninayemhudumia kule kazini. Kunipeleka kwa mdomo namaanisha, maana miguu haina nguvu tena ila mdomo upo. Tangu Julai ananiuliza utaenda fair, utaenda fair, namjibu bibi mi nina hela ya kuchezea? Akanambia we nenda mchana, usiende usiku, usiku ni vijana na wasanii wakubwa wa kulipia tena, mchana ndo utawakuta wazee wanapiga polka, ule muziki wa mbio wa Kizungu wa kucheza wawili wawili, na ukishaingia getini hudaiwi kitu, unanunua chakula chako unakaa kwenye benchi unasikiliza. Kumbe enzi zake yeye na marehemu mumewe walikuwa wanaenda kucheza kila mwaka. Nikaona huyu bibi hawezi kunidanganya, nikaomba ofu ya Jumatano nikaenda. Gari unaacha mbali huko kwenye maegesho ya makanisa na mashule, unapanda basi la bure mpaka getini. Kiingilio dola 20 hivi, usiigeuze kwenda shilingi utaumwa kichwa, ni kama elfu hamsini.

Haya tuje kwenye msosi maana najua ndo unachosubiri.

Huku kila kitu wanakichomeka kijiti. Sikutanii. Kuna soseji wameivisha uji wa unga wakaikaanga, wanaiita Pronto Pup, iko hapo tangu 1947. Kuna keki ya jibini imechovywa chokoleti, kijiti. Kuna tambi na nyama, kijiti, usiniulize zinakaaje. Na kuna kitimoto shosti, pande la kitimoto la kuchoma kwenye kijiti, linanukia uwanja mzima, mi napita nimeangalia mbele kama naenda msibani. Bibi alishanipa hadi historia ya vijiti, anasema mwaka 1901, tarehe 2 Septemba, Theodore Roosevelt akiwa bado makamu wa rais alisimama palepale kwenye fair akahutubia ule msemo wake wa ongea kwa upole na ubebe fimbo kubwa, na mwezi haukuisha rais aliyekuwepo akauawa yeye akakalia kiti. Sasa fimbo zenyewe ndo hizo, wajukuu wamezichomekea soseji.

Nikaanza na vile vipande vya jibini mbichi vinachovywa kwenye unga wa maji vinakaangwa, cheese curds, ambavyo ukitaka ugomvi na mtu wa Minnesota mwambie hujavipenda. Kipande cha kwanza kitamu, cha moto, ukiuma jibini inavutika mpaka inakugusa kidevu. Cha pili kitamu pia. Ukifika katikati ya kile kiboksi unaanza kutafuta wa kumgawia. Kwangu mimi wamekipaisha tu. Samaki nilimpenda zaidi, anaitwa walleye, ndo samaki wao wa jimbo kama nembo, anavuliwa kwenye maziwa ya huku, nyama nyeupe imekaa kisangara sangara, wakanipa na kipande cha limao. Lile limao nikalikunja kwenye tishu nikaliweka kwenye pochi. Ngoja utaona lilifanya kazi gani.

Mahindi sasa. Mahindi ya kuchoma! Foleni ndefu lakini inakwenda haraka maana wale vijana wamezoea, mmoja anatoa hindi kwenye moto, wa pili anayarudisha maganda nyuma yanakuwa mpini, wa tatu anashika huo mpini analizamisha hindi lote kwenye chombo cha siagi iliyoyeyuka, lote shosti, linatoka linachuruzika, unapewa chumvi unaondoka zako mafuta yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Mahindi yenyewe ni yale laini ya sukari, punje inapasuka ukiigusa tu na jino, hayana ule ubishi wa mahindi yetu ya pale stendi unayotafuna mpaka taya linauma. Matamu, siwezi kusema uongo. Lakini yamekosa kitu. Nikafungua pochi nikatoa limao langu, nikatoa na kile kikaratasi cha pilipili ya unga na chumvi ninachotembea nacho (unanijua), nikapaka hindi kwa limao hapo hapo nimesimama. Kuna mbaba alikuwa pembeni na watoto wake ananiangalia, akauliza hiyo ni nini, nikamwambia karibu, akapaka na lake. Akanyamaza. Akarudi kuomba tena kwa ajili ya mkewe. Nilivyoondoka pale pilipili imebaki ya kupaka kidole tu, na nakwambia ningekuwa na kibanda hapo ningejenga kwetu.

Saa sita na nusu hivi ndo nikafika kwenye kile kijukwaa cha wazee. Mabenchi ya mbao, kivuli kidogo, mbele kuna sakafu ya saruji, watu wamekaa na sahani zao za karatasi magotini wanakula. Jukwaani wazee wamevaa fulana nyekundu za kufanana, dramu, klarineti, tarumbeta, lile baragumu kubwa linaloitwa tuba ambalo aliyelibeba huoni hata uso, na katikati mzee mwenyewe na akodiani, kile kisanduku cha vibonye cha kifuani kinachovutwa na kukunjwa.

Shosti, akodiani! Mi polka nilikuwa nimeshaisikia kwa mbali kwenye tivii nikaipuuza, lakini kukaa mita chache na akodiani ya kweli ni habari nyingine. Ile sekunde kabla wimbo haujaanza, mzee anaifungua inavuta pumzi, hhhaaa, mwili wote ukanisimama, nikamwona babu yako barazani Jumapili mchana na ile redio kaseti yake ya taarab, Culture Musical Club upande A, Ikhwani Safaa upande B, na sisi tunafukuzwa tusipige kelele. Ala ni hiyo hiyo. Wajerumani na Wacheki walioingia Minnesota enzi hizo walikuja nazo wakapigia polka, na kule kwetu ikafika Unguja wakaitia kwenye taarab pamoja na fidla na ganuni, na Ikhwani Safaa wenyewe wapo tangu 1905. Tofauti ni kwamba hawa wanakimbia. Ya kwetu inabembeleza, inazunguka nyumba kabla ya kupiga hodi, hii ya kwao imeshaingia mpaka jikoni, bum-pa bum-pa, huna hata muda wa kuhuzunika.

Na wanavyocheza sasa. Mtu anaweka sahani chini, anafuta mdomo, anamshika mkewe mkono wanaingia uwanjani. Wazee wa miaka 70 na kitu huko, wengine magoti mabovu unaona kabisa, lakini wakishaanza kuzunguka wanateleza, na wote wanaenda upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, hakuna anayegongana. Ikija ya taratibu ya mapigo matatu wanalegeza. Ikija ya mbio baadhi wanacheka wanarudi kwenye mahindi yao. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu yangu, mumewe hataki kucheza yuko bize na soseji, akaninyooshea mkono tu hivi bila neno. Nikaenda. Miguu yao sikuijua ila kiuno kilijua, si tumelelewa Temeke sisi, yule mama akawa anacheka mpaka anashika ubavu.

Ikaja hiyo moja ya mapigo matatu, akodiani peke yake mwanzo mpaka katikati, wengine wamenyamaza. Shosti uvumilivu ukanishinda. Nikatoa dola tano, nikaenda nayo taratibuuu, mkono juu, mwendo wa ukumbini kabisa, ule wa shangazi zako, nikafika nikambandikia mzee kwenye mkanda wa akodiani hapa begani. Watu kimya. Mzee akaniangalia, akaangalia noti, hakukosea hata sauti moja, akainamisha kichwa kama mfalme akaendelea. Hapo ndo makofi yakalipuka! Na kumbe tulipigiana simu na mababu, maana nageuka hivi naona babu mmoja na kofia yake ya kampuni ya matrekta anakuja na dola moja mkono juu, anajaribu mwendo wangu, halafu nyuma yake mwingine. Wimbo ulivyoisha mzee amejaa noti mabegani hajui acheke au azipange.

Sasa nikuulize, Dar mara ya mwisho umeisikia akodiani lini? Unguja bado wapo wanaoshikilia, Mungu awape nguvu, ila taarab yetu sisi ya huko bara kinanda kimoja ndo akodiani, ndo fidla, ndo filimbi, ndo ngoma, na mwimbaji nusu ya shoo anafuatisha CD na sisi tunamtunza hivyo hivyo. Tunatunza CD! Afadhali hata wale wazee wa bendi za Msondo na Sikinde, tarumbeta za kweli, magitaa ya kweli, mtu anapuliza unaona shingo imetoka mishipa. Msondo walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz na hadi leo jina lipo, na sisi wa Temeke tulikuwa tunazikwepa bonanza zao za Jumapili mchana eti muziki wa wababa. Na usinirushie mawe kwa ajili ya Bongo Fleva, Bongo Fleva naipenda, naosha nayo vyombo, lakini chakula cha mchana na bendi ya kweli mbele yako ni starehe nyingine kabisa na sisi tulikuwa nayo mlangoni.

Mengine nayapitisha haraka maana chai imeisha. Kuna jengo la maziwa, ndani kuna chumba cha vioo cha baridi kinazunguka, binti amekaa na koti la baridi katikati ya hili joto na msanii anamchonga sura yake kwenye bonge la siagi la kilo 40. Kilo 40 za siagi, kichwa cha mtu! Kuna mama aliyeifanya hiyo kazi kuanzia 1972 mpaka 2021 ndo akapumzika. Mi nilisimama pale nahesabu chapati tu. Pembeni wanauza maziwa, unalipa mara moja unakunywa mpaka useme basi, na watu wanayasindikizia na biskuti za moto zinazojazwa kwenye ndoo mpaka mlima unamwagika. Ndoo hiyo ndo bibi aliniagiza. Nikampelekea, akala biskuti moja akasema zilikuwa nzuri zaidi zamani, halafu akala zingine hadi nikamnyang'anya kwa ajili ya sukari yake. Ile habari ya dola begani amenirudisha niisimulie kwa kila nesi anayeingia zamu.

Haya, kilichonifanya nikuandikie hasa. Nimeangalia mtandaoni huku akodiani za mitumba, ndogo ndogo zile, wajukuu wanauza za mababu zao kwa bei ya kutupa. Nafikiria nichukue moja niitie kwenye ile mizigo ya Desemba inayokuja kwa meli. Muulize kaka yako, yeye si anapiga kinanda kwenye lile kundi lao, akiipata atakaa chini ajifunze kweli au ataiuza Kariakoo wiki hiyo hiyo? Anijibu mwenyewe kwa mdomo wake, wewe utamtetea.

Msalimie mama, mwambie ile dawa ya kuchua mguu nimeipata nimeiweka kwenye mzigo huo huo. Na pilipili ya unga imeniishia, akipatikana mtu wa kuja huku mpe nusu kilo, ile ya kusaga mwenyewe.

Wako,
yule yule wa Keko