Meno yangu na simu za alfajiri

Leicester, Januari

Dada, shikamoo.

Tulifundishwa kuanza barua na "mimi mzima, hofu ni kwenu mlio mbali". Safari hii hofu iko huku kwangu. Usishtuke, si ugonjwa wa kulazwa.

Mwezi uliopita taya la kushoto liliniuma hadi kutafuna mkate ikawa kazi. Nikaenda kwa daktari wa meno nikijua jino limetoboka. Kachungulia, kapiga picha, hakuna tundu. Akanionyesha magego kwenye kioo: yamesagika juu, bapa kabisa. Akauliza, "Unalala vizuri?" Nikacheka. Kumbe nasaga meno usingizini, na moja ya mambo yanayochochea ni mawazo. Kanitengenezea kiplastiki cha kuvaa nikilala. Nikikivaa nafanana na bondia.

Tangu hapo najichunguza. Mabega yamepanda hadi masikioni na sina habari. Nimemkaripia mwenzangu kazini kwa ajili ya kijiko. Nikamkumbuka Baba msimu wa korosho, tangu mzigo ufike chama cha msingi hadi pesa za mnada ziingie: kichwa kinamgonga, halali, mtoto akidondosha sahani anafokewa kama kachoma nyumba. Sisi tukisema Baba mkali. Pesa ikiingia, jioni ileile anatania na kuagiza pweza! Hakuwa mkali yule, alikuwa na mawazo. Nakuomba umpeleke zahanati apimwe presha, hata akisema hajisikii vibaya. Presha haina kawaida ya kupiga hodi.

Sasa lililonifanya niandike. Kwa simu ningelainika.

Msimu huu wa baridi ninyi mko mbele yetu kwa saa tatu. Mkiamka kuswali hapo Mikindani saa kumi na moja alfajiri, huku ni saa nane za usiku. Ndipo simu inapolia: ada, bati, palizi, mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua. Moyo unaruka kabla sijaona nani. Kila mlio nadhani msiba. Silali tena, na saa moja asubuhi niko kazini nainua wazee wa watu vitandani.

Nimeamua hivi. Pesa natuma tarehe 28 kama kawaida, kwako. Mwenye shida aje kwako, nawe uniandikie yote mara moja kwa mwezi. Kuanzia saa nne usiku simu yangu itakuwa kimya, ila namba yako na ya Mama zitalia. Najua nimejitua mzigo nikakutwisha wewe. Ukiona sasa wewe ndiye unayekesha, niambie, tutafute njia nyingine.

Mengine ni madogo. Kahawa mwisho saa sita mchana, maana hata zikipita saa tano hivi tangu kuinywa, nusu ya makali yake bado imo mwilini. Nikitoka kazini natembea kando ya mto Soar, hata kwa manyunyu. Na kuna kupumua: navuta hewa nikihesabu nne, naitoa taratibu nikihesabu sita, dakika tano. Nililidharau hili, nikaona ni mambo ya watu wasio na kazi. Mapigo yanatulia kweli, Dada. Lijaribu siku watakapokuja kwako wote kwa pamoja.

Akija mtu huku, nifungie korosho kidogo, ila usisumbuke. Daktari kasema nirudi Machi, aone kama kiplastiki nacho nimekitafuna.

Mdogo wako