Jamani, kadi zimebaki na mistari mitupu: mchango wa chanjo

Ndugu na marafiki wa kikundi, hodi tena. Aibu tunayo, maana juzijuzi tu mlituchangia viti na turubai na hakuna aliyeuliza mara mbili, ila hili limetushinda na mweka hazina kanisukuma niandike mimi eti ndio sina haya.

Ni hivi, sisi wote tunaishi na virusi vya UKIMWI, ARV tunapata bure na tunameza, hapo sawa. Kinachotutesa ni chanjo ya homa ya ini B, hiyo tunajinunulia, na sio sindano moja ni tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu ukifika mwezi wa sita. Tulijichanga tukapata ya kwanza kwa watu 19, mfuko ukakauka.

Kuna mama yetu mmoja kadi yake anaitunza kwenye nailoni isilowe, kila kikao anaitoa, mstari wa juu una tarehe na sahihi ya nesi, miwili ya chini mitupu. Anauliza, "Hii ya kwanza si imeshapotea bure?" Nesi kasema hapana, ukichelewa huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Lakini moja haitoshi, na miili yetu sisi hata ukimaliza zote saa nyingine haishiki chanjo vizuri, wengine inabidi wapewe dozi kubwa zaidi. Na homa ya ini B yenyewe inapita njia zilezile za virusi vya UKIMWI, damu na ngono, ukiwa na vyote viwili ini linaharibika mapema.

(Wale mnaonong'ona kwamba chanjo itatumaliza, hii haina kirusi hai. Zile zenye virusi hai kama ya homa ya manjano ndio daktari anaangalia CD4 kwanza, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 200 hupewi.)

Kwa hiyo ni dozi 38 na nauli. Mwenye uwezo wa moja alete moja, hata nusu tutaunga. Michango ya harusi tunaiona inavyojaa kwa siku mbili, hatusemi kitu, tunaiona tu. Risiti zote zitapigwa picha ziwekwe kwenye grupu, Mungu shahidi.

Mweka hazina anapokea hadi Jumapili jioni. Na mwenye gari la bure Jumatatu asubuhi anitafute inboksi, mama mwenye kadi ameshasema yeye anakaa mbele.