Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Tuoneshwe hesabu za Muungano

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Unguja kuhusu ibara ya 133 ya Katiba, inayotaka kuwe na Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambamo Serikali zetu mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zitachangia gharama za mambo ya Muungano.

Kodi ya mapato na ushuru wa forodha vilikuwa vya Muungano tangu 1964. Mwaka uliofuata zikaongezwa sarafu na mabenki, na 1966 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ikaanza kazi. Tangu hapo Zanzibar haiamui peke yake juu ya noti wala riba. PBZ, yaani Benki ya Watu wa Zanzibar, ni benki ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), lakini leseni inatoka BoT. Mikopo ya nje nayo hupitia dhamana ya Serikali ya Muungano. Tumebakiwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na kodi nyingine za ndani zinazokusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA).

Sidai sarafu yetu wenyewe. Ila aliyekabidhi mamlaka makubwa namna hii ana haki ya kuoneshwa daftari, na wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Tume ya Pamoja ya Fedha, chombo cha kupendekeza kila upande uchangie na upate kiasi gani, ilipitishwa 1996, makamishna wakateuliwa 2003, na kwa miaka mingi baada ya hapo akaunti yenyewe ilikuwa bado haijafunguliwa. Kwa muda huo wote Zanzibar ikapewa asilimia 4.5 ya gawio la BoT na ya misaada ya kibajeti ya wafadhili, kiwango kilichowekwa kuwa cha mpito. Labda ni kidogo, labda kinatosha. Mwananchi atajuaje? Huku kwetu watu wanaamini tunanyonywa. Bara wengine wanaamini Zanzibar inabebwa. Wote wanabishana bila hesabu mkononi, na chuki inakua pale ambapo ingetosha karatasi moja ya Hazina.

Mheshimiwa, chapisha ripoti zote za Tume. Eleza akaunti imefikia wapi, gharama zipi zinahesabiwa kuwa za Muungano, na kila upande unachangia kiasi gani. Taarifa hiyo iwasilishwe Bungeni Dodoma na pia katika Baraza la Wawakilishi Chukwani, kabla ya kusomwa bajeti ijayo.

Wako,
Mwananchi, Mjini Magharibi, Unguja