Naiomba ile tivi ya kichogo ya mamako

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, goti lake ni lile lile, na Zuhura keshajifungua, kidume. Najua tangu Mfungo Sita sijakuandikia hata mstari, lawama zako nazipokea zote. Leo nina haja, na naisema mapema nisije nikapotelea njiani: naitaka ile tivi ya kichogo ya mamako iliyoko Kisauni.

Ngoja nikueleze. Kaka Badi anataka kukipangisha chumba chake cha juu, basi nikaenda kukifagia. Mvunguni, ndani ya sanduku la viatu, nikaikuta PlayStation yake ya kijivu, ile aliyokuja nayo kutoka Dubai enzi za ubaharia. Visahani vimo, vingi vya kunakiliwa, kimoja tu halisi. Nikakigeuza: cheusi upande wa chini, kama kioo cha taa ya gari la harusi. Nikajua ndicho kabla sijasoma jina. PaRappa the Rapper, ile gemu yetu ya mbwa anayeghani! Wallahi nilikaa pale pale kwenye vumbi.

Unazikumbuka Ijumaa zetu? Kaka akitoka tu na kanzu yake, sisi mbio juu. Hotuba na rakaa mbili zilitutosha hatua moja, na wewe siku zote ukitaka ile ya kuku mpishi afundishaye keki. Na kila yakivunjwa mayai ukiniuliza, huyu kuku hayamuumi? Mimi nilipenda zaidi foleni ya msalani, PaRappa maskini amebanwa tumbo na mbele yake wamesimama walimu wake wote wanne, na hapiti mmoja mpaka amshinde kwa kughani.

Basi jioni ile nikamwita Nasri, mtoto wa Kaka, tukaiunganisha kwenye tivi mpya ya sebuleni. Mtambo ukagoma kusoma, nikaupindua kichwa chini kama alivyokuwa akifanya babake, ukasoma. Nasri akacheka weee, "Shangazi, mbwa gani huyu, bapa kama karatasi?" Nikamwambia ndiyo maana ya jina lake huko Japani, limetokana na wembamba wa karatasi. Akataka kujua nani aliyefikiria mambo haya, nikampa niliyoyajua: gemu ilitoka Japani 1996, mwenye fikra ni Masaya Matsuura, mwanamuziki kabla ya kuwa mtu wa gemu, na aliyewachora mbwa, kitunguu mwalimu wa karate na yule binti ua anayependwa na PaRappa ni Mmarekani, Rodney Greenblat. Ndiyo maana haifanani na kitu chochote kingine.

Kisha tukacheza, tukaaibika. Kitunguu anasema mstari wake, sisi tunaujibu kwa vidole, na kila tukijibu tunachelewa. Gemu inatuandikia Bad, kisha Awful. Rudi mwanzo. Shoga, Nasri anapiga twari madrasa, mtoto huyo hakosi pigo hata akisinzia! Nikadhani vitufe vimekufa. Nikaenda kwa fundi Mwembe Tayari, akaniambia kidude hakina ugonjwa, ugonjwa ni tivi. Hizi bapa zikipokea picha kutoka mtambo wa zamani huigeuza na kuitengeneza kwanza ndipo ziionyeshe, na huo muda, mdogo kuliko kupepesa jicho, unatosha kukutoa kwenye ngoma. Tivi ya kichogo haingoji, picha ikifika inachorwa. Nilibonyeza rimoti nikaiweka kwenye hali ya gemu, kule kuchelewa kukapungua kidogo, hakukwisha.

Sasa utasema, kwani lazima? Kaka naye kasema ninunue ile iliyotolewa upya 2017 kwa PlayStation 4, picha safi, basi yaishe. Sitaki. Nataka nikwambie nilichokiona safari hii, maana tulipokuwa wadogo hatukukijua.

Sisi tulikuwa tukimfuata mwalimu tu. Alama zinapita juu, kila moja tunaibonyeza ilipo, tunapata Good, tunashangilia. Kumbe Good ni adabu tu. Ukitaka Cool inabidi umwache mwalimu: utie mapigo yako katikati ya yake, uyarudie, uyakate, mradi ngoma usiitoke. Ukiyapata, mwalimu anaondoka zake! Anakuachia ukumbi, wewe na mdundo peke yenu, hakuna wa kukuonyesha cha kusema.

Nilipoliona hilo nilimkumbuka nyanyako. Unamkumbuka kwenye ngoma ya vugo? Wenzake wote wanagonga pembe pigo moja, yeye kaiinamia yake, kimya, kijiti kimelala kidoleni, anasikiliza. Kisha analiingiza lake katikati, ti-ti-tii, mahali ambapo mtu ungeapa hapana nafasi, na mstari mzima wa wanawake unainuka mabega. Hakufundishwa pale pa kuingiza. Aliijua ngoma mpaka ikamruhusu. Mjapani yule kaitia ruhusa hiyo ndani ya kisahani, shoga, na sisi tukawa tunakimbizana na alama.

Ndiyo maana naisumbukia tivi. Good unaweza kuipata hata kwa tivi mbovu, unajifunza kubonyeza mapema. Nasri ameifikia. Lakini alikitua kidude mkekani akaniambia, "Shangazi, hii si ngoma tena, ni hesabu." Kweli kabisa. Utaongezaje lako ikiwa sauti yako mwenyewe inakufikia imechelewa? Mkono umeshasema, sikio bado linangoja.

Na ile ya mamako najua nzima. Tangu zilipozimwa antena za zamani 2015 haijaguswa, kaitandikia kitambaa cha kufuma, na juu kaweka chetezo. Mimi kumwomba naona haya, atadhani nataka kumtolea pambo la sebule. Wewe ndiye mwanawe, sema naye. Mwambie nitaitunza, na kitambaa nitakikunja vizuri nimwachie. Chetezo nitamnunulia kistuli kiwe na pa kukaa.

Basi nijibu upesi. Ina tundu tatu mbele, ya njano, nyeupe na nyekundu, au ni mbili? Yule mpwa wako wa tuktuk bado yuko, anaweza kuivusha Daraja la Nyali bila kuigongesha? Mamako atakubali, au nianze kwa kumpelekea mahamri? Wewe Idi hii unakuja au ndiyo Nairobi imekumeza? Watoto wako wanapiga chochote, hata meza? Na ile keki, niambie kweli, siku ile nilipolala na homa ukapanda peke yako, uliimaliza?

Wako,
Rukia