Jiwe la Bi Mkubwa

Wete, Pemba

Shoga yangu Mwanakhamis,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Umeniuliza kama kweli mama mkwe wangu kapasuliwa akatolewa jiwe utumboni. Ni kweli, na wala hakulila. Nasema hivyo kwa sababu mtaani wengine wanasema karogwa, wengine ati ni mchele usiochaguliwa. Jiwe la mchele likazibe utumbo wa mtu mzima!

Lilitoka kwenye mfuko wake wa nyongo. Jiwe kubwa likikaa humo miaka, mfuko huvimba hata ukagandana na utumbo ulio jirani nao. Jiwe likazidi kuula ukuta mpaka likatoboa tundu, likaangukia utumboni. Madogo hutoka na choo mtu asijue. Balaa ni yanayofika kama sentimita mbili na nusu kwenda juu, kwani hayo huteremka mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, pale panapobana, yakanasa. La Bi Mkubwa nililishika: kahawia, kubwa kama kungumanga, upande mmoja laini kabisa.

Kilichotupoteza ni yale maumivu kuja na kuondoka. Leo anajikunja na kutapika, kesho yuko barazani anachambua karafuu. Kumbe jiwe lilikuwa linaziba, linaachia, linasogea, linaziba tena. Kituo tulichoanzia walimpa dawa ya minyoo, jirani naye akaja na dawa ya chango. Mimi nilitishwa na matapishi: kwanza chakula, kisha kijani, mwisho yananuka choo. Tumbo limejaa, upepo hautoki. Mume wangu akaziacha karafuu juani, akaenda kutafuta gari.

Hospitali walimpitisha mpira puani kutoa uchafu, wakamtundikia maji maana alishakauka. Picha ya siti skani, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili, ndiyo iliyosema kweli: jiwe, matumbo yaliyovimba, na hewa kwenye njia za nyongo, ambako hewa haitakiwi kuwapo. Imepitia tundu lile lile. Daktari kijana alituambia dalili hizo tatu zikikutana huitwa kwa jina la daktari Rigler, aliyezieleza mwaka 1941. Alifurahi kuziona kuliko tulivyopenda sisi.

Walipasua utumbo, wakalitoa jiwe, wakashona. Mfuko wa nyongo na tundu wakaviacha, na hapo nilihoji sana. Jibu lao: kwa mzee mwenye kisukari na presha, kumweka mezani muda mrefu kuna hatari zaidi, na tundu huweza kujifunga lenyewe. Niliridhika.

Sasa shangazi yako, ambaye ana mawe na hataki kusikia operesheni. Usimtie hofu, jambo hili ni nadra hata kwa wenye mawe, ingawa likitokea huwapata zaidi wanawake wazee kama yeye. Lakini tumbo likimjaa, akatapika kijani, na choo na upepo vikakata, msimnyweshe haluli wala dawa nyingine ya kuharisha. Mpelekeni hospitali hata kama maumivu yametulia, na mwambieni daktari kwamba ana mawe ya nyongo. Sisi hatukuwa na la kusema, Bi Mkubwa hajawahi kupimwa.

Mwenyewe anakula uji na anadai pweza. Nimemkatalia, kwa hiyo akikupigia simu kunishitaki, muitikie tu.

Wasalaam,
Shoga yako Maryam