YAH: Kufunga Muhula Kabla ya Pasaka ya Kiyahudi

Ndugu Wazazi na Walezi,

Shalom. Kidato cha Tatu wamemaliza sura ya pili ya Bava Metzia, kitabu cha Talmudi (mkusanyo wa sheria za Kiyahudi na mijadala yake), kuanzia jani la 21 hadi la 33, bila kuruka hata mstari. Hongereni! Sura hiyo inahusu vitu vya kuokota. Sarafu zilizotawanyika ni za aliyeziokota, maana mwenyewe hana alama ya kuzidai. Sarafu tatu zilizopandana lazima zitangazwe. Kubwa ikiwa chini, ya kati juu yake, ndogo kileleni, basi kuna mkono uliozipanga. Hoja hiyo waliibishania siku nyingi, hadi kwenye foleni ya chakula. Ndicho tunachokitaka.

Matokeo ya Hisabati na Fizikia yamo kwenye ripoti.

Sasa utoro. Asubuhi zetu ni za havruta: watoto wawili, meza moja, Gemara moja (matini ya mijadala ya Talmudi). Mmoja anasoma Kiaramu kwa sauti, wa pili anafafanua kwa maneno yake, wa kwanza anatafuta tundu kwenye ufafanuzi huo. Wakishakwama ndipo wanamgeukia Rashi, mfafanuzi wa kale ambaye maelezo yake yako upande wa ndani wa ukurasa. Wakianza na Rashi, wanapata jibu la swali ambalo hawajaliuliza. Mwanao asipofika, mwenzake hana wa kumpinga. Tukimhamishia kwa wawili wengine, wa tatu husinzia. Kwa hiyo tiketi ya ndege ya siku tatu kabla ya kufunga si udhuru, na daftari la kunakili halilipi pengo: kuanzia muhula ujao, aliyekosa atasoma ukurasa mzima na mwenzake kwa simu, jioni hiyohiyo.

Muhula huu tumepokea barua tatu za ugonjwa ambazo hazikuwa za kweli. Wazazi, mtoto aliyewaona mkitia saini uongo, sisi tumfundishe nini juu ya sarafu za watu? Barua ya nne itajibiwa ana kwa ana, ofisini, mtoto akiwepo.

Ada: Rabi Elazar ben Azarya alisema, pasipo unga hapana Torati. Walimu nao hununua unga. Aliyepungukiwa aje tupange malipo; anayetusumbua ni anayenyamaza.

Makabati yaachwe tupu na mikoba ikung'utwe, isibaki chembe ya mkate wenye chachu wakati wa Pasaka. Tunafungua siku ya pili baada ya sikukuu, saa mbili kamili asubuhi.

Mwalimu Mkuu