Ushuru wa mafuta yetu urudi kwenye njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie njia za umma za pikipiki za porini, zile za magurudumu mawili na zile za magurudumu manne, na hasa namna zinavyogharimiwa na kutunzwa. Kwa miaka mingi nimeendesha pikipiki katika njia hizo, na kwa muda unaokaribia huo nimeshika jembe na koleo kuzitengeneza pamoja na wenzangu wa kujitolea. Kazi hiyo imenifanya niamini kwamba mabishano yetu yasiyokwisha kuhusu njia ipi ifungwe na ipi iachwe wazi yanatokana, kwa sehemu kubwa, na jambo ambalo halizungumzwi: mpandaji hulipa ushuru kila anapojaza tangi, lakini ushuru huo haurudi kwenye ardhi anayoipita.

Anayetaka kuelewa jinsi njia inavyokufa aende akautazame mteremko mmoja siku mbili baada ya mvua kubwa. Tairi la nyuma huacha mfuo mwembamba, na mfuo huo ukishuka wima kutoka juu hadi chini, maji ya mvua huuingia na kuufuata kama yanavyofuata bomba. Yakishika kasi huchukua udongo laini na kuacha kokoto na mizizi iliyo wazi. Mpandaji wa kesho yake akiiona mizizi hiyo hukwepa pembeni, kwenye majani, akaanzisha mfuo wa pili. Anayemfuata hukwepa upande wa pili. Msimu ukiisha, njia iliyokuwa na upana wa sentimita 60 imekuwa makorongo manne yaliyotenganishwa na vipande vya majani makavu, na udongo uliokuwa hapo umekwenda kulala katika kijito kilicho chini. Hapo ndipo jirani hulalamika, na ana haki kamili ya kulalamika. Ninachomwomba ni atambue kwamba uharibifu huo ungezuiwa mapema kama maji yangepewa pa kutokea.

Ufundi wa kuyapa maji pa kutokea unajulikana vizuri. Njia hukatwa kwa kuzunguka ubavu wa kilima, na kanuni inayofuatwa ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe. Ubavu ukiwa na mwinuko wa asilimia 20, njia isizidi asilimia 10. Ukingo wa nje huinamishwa kidogo kuelekea bondeni, na kila baada ya mwendo fulani njia hushushwa kisha kupandishwa kidogo, ili maji yakifika hapo yashindwe kuendelea na yamwagike kando. Nalikumbuka bonde dogo la kwanza la aina hiyo tulilolichimba. Tulipodhani tumemaliza, mzee mmoja aliyekuwa akituelekeza alimwaga ndoo ya maji upande wa juu, nasi sote tukainama kuyatazama: yalifika kwenye kibonde, yakasita, kisha yakavuka tuta letu na kuurudia mfuo wa zamani. Tuta lilikuwa fupi na la chini mno. Tulilirefusha karibu mara tatu, tukalishindilia kwa miguu na kwa mgongo wa koleo, na maji ya ndoo ya nne yakatoka pembeni yote. Kwa pikipiki za magurudumu manne tuta linapaswa kuwa refu na la taratibu zaidi, kwa sababu chombo ni kizito, na tuta fupi huwashawishi vijana kuliruka mpaka libomoke.

Kazi ya namna hiyo watu wa kujitolea wanaiweza. Wasichokiweza ni daraja juu ya kijito, kalvati, malori ya kokoto kwa sehemu zenye tope la kudumu, mashine ndogo ya kuchimba, na mshahara wa fundi anayepita kila mwezi akijua mtaro upi umeziba. Hayo yanahitaji fedha za uhakika zinazoingia kila mwaka. Fedha zinapopatikana mara moja moja huelekezwa katika kufungua njia mpya, ambazo huzinduliwa na mgeni rasmi, kisha zikaachwa bila fungu la matengenezo. Mimi naona afadhali kilomita 10 zinazotunzwa kuliko 50 zilizotelekezwa, na nasema hivyo nikijua kwamba wapandaji wenzangu wengi hawatafurahishwa na kauli hiyo.

Kuhusu mahali pa kupata fedha, upo mfano wa Marekani ambao unastahili kusomwa kwa makini. Mwaka 1991, sheria ya usafirishaji ya nchi hiyo ilianzisha mfuko wa njia za burudani kwa hoja iliyo wazi: ushuru wa mafuta hutozwa kwa ajili ya barabara, lakini pikipiki za porini na zile za theluji huchoma mafuta yaliyokwisha kutozwa ushuru huo zikiwa mbali na barabara, kwa hiyo sehemu ya ushuru irudishwe kwenye njia. Fedha hugawiwa majimbo, ambayo hutakiwa kutumia asilimia 30 kwa njia za vyombo vya moto, asilimia 30 kwa njia za watembea kwa miguu, baiskeli na farasi, na asilimia 40 kwa miradi inayohudumia watumiaji wa aina mbalimbali. Wapo wapandaji wanaonung'unika kwamba wasiochoma mafuta wananufaika na ushuru wetu. Kwa maoni yangu mgawanyo huo una busara, kwa sababu mtembea kwa miguu aliyejengewa daraja kwa ushuru wa mwenye pikipiki ana sababu ya kutaka mfuko huo uendelee kuwapo, na siku bajeti inapojadiliwa tutakuwa upande mmoja.

Chanzo kingine ni kibali cha kulipia. Bunge la jimbo la West Virginia liliunda mamlaka maalumu mwaka 1996, na mwaka 2000 ukafunguliwa mtandao wa njia uitwao Hatfield-McCoy, ambao leo una zaidi ya kilomita 1,600 na kwa sehemu kubwa hupita katika ardhi ya makampuni. Kila mpandaji hununua kibali na kuvaa helmeti. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba sheria inawakinga wenye ardhi dhidi ya kesi za ajali zinazotokea katika njia hizo, kwa maana nimezungumza na wenye mashamba kadhaa waliotukatalia kupita, na karibu wote walitaja hofu ya kushtakiwa kabla hawajataja vumbi wala kelele.

Kelele, hata hivyo, nisizipite haraka. Ekzosi moja iliyotobolewa ili ingurume zaidi inaweza kuifungisha njia ambayo watu 20 wameitengeneza kwa mwaka mzima. Jimbo la California, ambalo limekuwa na sheria ya vyombo hivi tangu mwaka 1971, limeweka kikomo cha desibeli 96 kwa pikipiki za porini zilizoundwa kuanzia mwaka 1986, nacho hupimwa kwa kipaza sauti kilichowekwa takriban nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi. Kipimo hicho huchukua dakika chache langoni. Kizuizi cha cheche nacho ni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya ekzosi, na katika msitu mkavu hakuna udhuru wa kukikosa. Tukitaka fedha za umma, sisi wapandaji tuwe wa kwanza kudai ukaguzi huo, na tukubali njia zifungwe wakati udongo umelowa, hata kama ni siku ya mapumziko tuliyoingojea kwa wiki nzima.

Wapo wanaouliza kwa nini umma ugharimie burudani inayochoma mafuta, na wanaona kwamba jawabu ni kufunga kila kitu. Swali lao ni la haki. Fedha ninazozitaja, hata hivyo, zimelipwa na wapandaji wenyewe, na kuzifunga njia hakuziondoi pikipiki. Kunazihamishia kwenye vijito na vichaka visivyo na alama, ambako hakuna mtaro wala mkaguzi. Rais Nixon alipotoa amri yake ya Februari 1972 kuhusu vyombo hivi katika ardhi ya serikali kuu ya Marekani, aliziagiza taasisi husika zitenge maeneo ya kupita na yasiyopitwa, huku zikipunguza madhara kwa udongo, wanyama na watumiaji wengine. Idara ya misitu ya nchi hiyo ilikuja kutoa kanuni mwaka 2005 iliyotaka kila msitu uchapishe ramani ya njia zinazoruhusiwa. Nakubaliana na msimamo huo kwa pande zake zote mbili. Zipo sehemu, kama ardhi oevu na mazalia ya wanyama, ambazo hazifai kuwa na njia hata kama mfuko umejaa, na njia iliyokosewa tangu ilipochorwa inapaswa kufungwa, kuchimbuliwa na kupandwa majani upya.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa bajeti ya barabara na misitu wakadirie kiasi cha mafuta kinachochomwa nje ya barabara, watenge ushuru wake katika mfuko unaojitegemea, na waandike katika sheria ya mfuko huo kwamba matengenezo ya njia zilizopo yatalipiwa kwanza kabla ya kufungua mpya. Hesabu zichapishwe kila mwaka kwa jina la kila njia, zikionyesha kalvati ngapi zimewekwa na mitaro mingapi imezibuliwa, ili mpandaji na jirani yake waweze kwenda kuzihesabu wenyewe.

Wako katika ujenzi,
Mpanda pikipiki na mtengenezaji njia wa kujitolea